Milulu ya Bwawa la Tatu

Juzi nilirudi kijijini kwetu, mwendo wa bodaboda kutoka Mafinga, nikakuta mabwawa ya majitaka ya shule ya bweni yamefukiwa na kupandwa miti ya mbao. Utanicheka, rafiki yangu: mtu mzima anaombolezaje mabwawa ya choo? Lakini mpaka leo nikisikia harufu ya matope nageuza njia, na nina sababu.

Yalikuwa matatu, moja chini ya jingine mteremkoni. Majitaka yaliingia la kwanza yakiwa meusi, yakatulia kwenye la pili, na la tatu lilijaa milulu, yale majani marefu tunayosukia vikapu. Yakitoka hapo yalikuwa maangavu, yakaingia mtoni na kunywesha vinyungu, bustani zetu za bondeni za wakati wa kiangazi. Watoto tulikatazwa kuyanywa, na tuliyanywa. Ukishapalilia njegere tangu asubuhi, nani tena apande kilima kufuata kisima?

Fundi wa mabwawa, mzee wa mabuti ya mpira, hakuchoka kutuambia kwamba milulu ile ndiyo inayosafisha. Bibi yangu alimwona anapiga soga. Alikuwa msusi hodari na mkaidi kupindukia, na milulu ya bondeni ilikuwa imekwisha kwa sababu kila mtu alikuwa amefyeka apate kinyungu. "Nyasi zifue maji? Huyo baba amesoma sana," alisema.

Jumapili moja, fundi akiwa kanisani, bibi alinichukua na mundu wake. Milulu ya vikapu haivunwi kidogokidogo. Hukatwa yote siku moja ingali mibichi, ikaanikwa pamoja, ili kikapu kisitoke na mabaka. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, basi tukaingia matopeni mpaka magotini, tukalinyoa bwawa lote. Mimi nilifunga matita, nikaimba. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijiona msusi.

Haikupita wiki, mto ukaanza kunuka. Kisha mdogo wangu wa miaka mitatu akaanza kuhara. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, bibi na mimi tukafuata. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hakutoa chozi. Nesi akauliza, "Huyu mtoto anakunywa maji ya wapi?" Bibi akatazama sakafu. Mimi nikamtazama bibi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa maana mimi ndiye niliyempa maji yale kinyunguni, kwa kiganja changu, wakati milulu ya kuyasafisha ikikauka uani kwetu.

Bibi alipenda kuwaambia wagonjwa wabishi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ile methali hiyo ilimgeukia mwenyewe. Alinishika mkono, tukatoka mpaka kwa fundi.

"Kamwene, baba," alimsalimu kwa lugha ya kwetu. "Milulu nimeikata mimi."

"Yote, mama?"

"Yote. Na mjukuu wangu yuko zahanati."

Fundi alivaa mabuti yake. "Kulaumiana baadaye. Wewe nenda ukawaambie watu wasiguse ule mto."

Basi tulizunguka kijiji kizima. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi, alisimama kwenye kila mlango akasema kwa kinywa chake kwamba ameharibu maji, na wengine walimjibu vibaya. Kila tulipotoka mlango mmoja nilisikiliza kama kuna kilio kutoka upande wa zahanati. Hakikutoka. Siku ya nne mdogo wangu aliomba uji. Milulu iliota tena mvua ziliponyesha. Ile tuliyokata ilikaa darini mpaka panya wakaimaliza.

Siku hizi shule ina shimo, na gari la kunyonya huja shimo likijaa, wanasema. Gari likichelewa shimo hufurika mpaka mtoni, na hakuna anayepita mlango kwa mlango kuonya watu. Bibi tulimzika, fundi naye, na hakuna mtoto pale anayejua milulu ni nini.

Mdogo wangu sasa ni fundi wa mashine ya mbao, ana kifua kama mlango, na hakumbuki lolote. Juzi alinipeleka bondeni, akainama, akachota maji ya mto kwa viganja vyote viwili, akapiga funda.

"Dada, kunywa, ya kwetu haya."

Nilimpigia kelele ateme. Alikuwa ameshameza.