Kondoo wa Mtu Aliyepasuliwa Tumbo

Njaa iliyonipata baada ya kukatwa tumbo haikufanana na njaa yoyote niliyoijua, na mimi njaa naijua. Nilikua wakati wa foleni za sukari na unga wa njano. Njaa ile ilikuja taratibu, ikakaa nasi kama mgeni asiye na safari. Hii ya baada ya operesheni ilinirukia. Nilikuwa nimekaa kitandani nimetulia, mara meno yanasagana, na ndani ya kifua kuna kitu kinapiga mateke kitoke.

Nieleze kwanza nilichofanyiwa, maana wengi huniuliza. Tumbo la chakula ni mfuko. Madaktari kule India walinitoboa matundu madogo tumboni, wakaukata mfuko ule kwa urefu, wakatoa sehemu kubwa na kubakiza kipande chembamba kama ndizi. Ukingo wakaufunga kwa pini ndogo za chuma. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo waliponieleza nilielewa upesi: ni mshono mpya, na mshono mpya hauvutwi. Kwa wiki za mwanzo nilitakiwa kunywa tu, kijiko kwa kijiko. Tonge moja lingeweza kuufumua mshono, chakula kikavujia ndani, nikaoza nikiwa hai. Daktari aliyenikata alikuwa ng'ambo ya bahari. Ningefumuka Arusha, ningezikwa Arusha.

Sikwenda kukatwa kwa anasa. Maduka yalipofunguliwa na bidhaa zikaingia kutoka kila nchi, mtaa wetu wa Kaloleni ukajaa siagi, soda, soseji na biskuti. Mimi nilishinda nimekaa nikipunguza mitumba ya watu huku nikila. Watu walinisifu: umependeza, biashara imekukubali. Wakaendelea kunisifu mpaka magoti yakagoma na sukari ikanitia ukungu machoni.

Niliporudi, chumba chetu cha kupanga hakikunifaa. Uani jirani zetu walikaanga vitunguu tangu asubuhi. Siku moja mume wangu alinikuta nimeng'ang'ania nondo za dirisha, nimeziuma, na rangi ya bluu imenibaki kwenye midomo. Alifunga nguo zangu kwenye begi, akanipeleka kijijini Kikwe kwa mama yake.

Nyumbani kwao alikuwa amewaambia neno moja tu: amepasuliwa tumbo. Ndivyo tulivyokubaliana. Tungewaelezaje watu waliomwomba Mungu awanenepeshe kwamba mimi nimevuka bahari kukonda? Lakini pale Kikwe, mwanamke aliyepasuliwa tumbo alikuwa wa aina moja: aliyezaa kwa kisu. Nami sikuwa na mtoto mkononi. Wakaamua wenyewe kwamba mtoto amefariki, na kwa heshima hawakuniuliza. Mama mkwe wangu akafanya lile analofanyiwa mzazi aliyeumia. Akatoa kondoo dume.

Walimwangusha asubuhi juu ya majani ya migomba, mbele ya mlango nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda. Shemeji yangu mkubwa alimkalia mbavu. Mdogo alimbana pua na mdomo kwa mikono miwili, maana kwa desturi yao damu ya kondoo wa mzazi haimwagwi chini. Kondoo alipiga mateke hadi majani yakachanika vipande. Jicho moja lilinitazama, likamtoka, likageuka kioo. Ngozi ilichunwa kwa ngumi, mvuke ukapanda, na harufu ya damu ya moto ikanifikia. Nilichosikia hakikuwa huruma. Mate yalinijaa mdomoni mpaka yakadondokea kwenye kanga.

Mafuta ya mkia yalipoyeyuka jikoni, mama mkwe aliniletea kikombe. Nyuma yake alikuja wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke mwenye mikono ya kubeba mkungu kila upande. Alishika ubavu uliochemshwa.

"Kunywa, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Usilie. Utapata mwingine."

"Asante, mama, lakini siwezi. Daktari amekataza."

"Daktari amezaa wangapi?" wifi akauliza, na wanawake waliokuja kusaidia wakacheka.

"Wifi, nakuomba. Nitakufa."

"Kila mzazi husema hivyo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo mara tano. Mshikeni!"

Mzazi akikataa mafuta hushikwa, na hakuna anayeona vibaya. Ni upendo wa mikono. Wawili walinibana mabega, wifi akaniziba pua, kikombe kikagonga meno. Nilipinda shingo, mafuta ya moto yakanimwagikia kifuani, nikapiga kelele. Nilimpiga mmoja teke la goti. Akaniambia, "Pigana tu, hata mimi nilipigana," akazidi kunibana.

Kilichofuata hakikuwa kazi yao. Wifi aliweka ule ubavu karibu na uso wangu ili anishike vizuri, nami nikaacha kupigana. Njaa ikapata upenyo. Niliunyakua ubavu kwa mikono miwili, nikarukia ile nyama kwa meno, nikang'oa pande zima lenye mafuta na ukano. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkwe akasema, "Mungu asante."

Mume wangu alikuwa zizini. Alisikia vigelegele, akatazama, akaja mbio. Alipitia juu ya mafiga, sufuria ikapinduka, akaniangukia, akanibana kidevu. "Tema! Tema nasema!" Akaniingiza vidole mdomoni, kama unavyomfanyia mbwa aliyeokota sumu. Nilimuuma. Nilisikia meno yakigusa mfupa, na damu yake ikachanganyika na mafuta ya kondoo, na bado sikutaka kuachia. Hakutoa mkono. Alivuta lile pande kutoka kooni likaja na kamasi, akalitupa majivuni.

Wifi akamshindilia mwiko wa kichwa. "Unampiga mzazi? Shetani mkubwa wewe!" Shemeji zangu, mkubwa kwa mdogo, wakamvamia. Nilisikia ngumi ikitua kwenye mdomo wake. Alikuwa chini, mkono unachuruzika, akipiga kelele kutoka katikati ya miguu yao: "Hajazaa! Hajazaa huyu! Wamemkata tumbo la chakula!"

Wote wakasimama.

Mama mkwe aliniangalia, akamwangalia mwanawe. "Nani kamkata?" akauliza. "Kwa kosa gani?"

Mume wangu alijaribu kueleza habari za India, lakini mdomo ulikuwa umevimba na maneno ya hospitali hayakumsaidia. Wifi akapandisha kanga yangu, akaona matundu madogo. "Kidonda chenyewe kiko wapi? Hivi ni vitundu vya panya. Mtu anasafiri mpaka India kukatwa utumbo, kwani hapa mabucha hatuna?"

Nikaomba kisu, sindano ya magunia na uzi. Tumbo la kondoo lilikuwa kwenye beseni, limekwisha kuoshwa. Nililiweka mapajani nikawafundisha, kama ninavyomfundisha mtu kukata suruali. Hapa chakula kinaingia. Hapa kinatokea. Nikalikata kwa urefu, sehemu kubwa nikamtupia mbwa, kile chembamba nikakishona ukingo kwa mshono wa karibu karibu na kukifunga kwa chini. "Hili ndilo tumbo langu sasa," nilisema. "Mama, leta supu, ile nyepesi. Kijiko kimoja kimoja."

Akatia kijiko, akangoja, akatia kingine. Mshono ukashika.

"Wifi, sasa nipe ile nyama yako."

Alichukua kipande, akakisukuma ndani kwa kidole gumba. Akasukuma kingine. Uzi ukatoa mlio mdogo, nyama ya tumbo ikachanika kando ya mshono, supu yote ikamwagikia miguuni pake. Aliruka nyuma kana kwamba ameungua. Akakaa chini, akajifunika uso na mtandio.

"Kwa hiyo hakuna mtoto aliyekufa," mama mkwe alisema.

"Hakuna, mama."

Alinipiga kofi la bega, kali, likalia. "Nimemlilia mjukuu wangu wiki nzima." Kisha akanishika palepale aliponipiga, hakuniachia.

Nilimwambia yote, hata lile la nondo za dirisha. Nilimweleza kile nilichokuwa naanza kukielewa, na ambacho nakuambia wewe kama umekatwa kama mimi na unajiona umekuwa mnyama: njaa ziko mbili. Ya tumbo inapanda polepole, haichagui, ukiipa vijiko vichache vya supu inanyamaza. Ya kichwa inakurukia, na ina jina: inataka chips, inataka ubavu, inataka kitu fulani na si kingine. Hii ya pili haitaki kulishwa. Inataka kukushinda. Usijichukie inapokuja. Si uroho wako. Ni mwili uliokatwa unaotafuta kilichochukuliwa.

"Inakaa muda gani?" mama mkwe akauliza.

"Sijui. Sijawahi kuingoja imalizike. Huwa nalia."

"Inapanda, halafu?"

"Inapanda mpaka naona giza."

"Huo ni uchungu," akasema. "Nimezaa saba. Uchungu hausimami juu, lazima ushuke. Aliyekuambia uungoje umelala ni nani?"

Mchana ule mume wangu alifungwa kidole kwa kitambaa, shemeji wakamwomba radhi kwa vichwa chini, nyama iliyobaki ikapikwa. Mama mkwe hakuizuia isipikwe. Watu walikuwa na njaa zao. Harufu iliponifikia, ile yangu ilikuja kwa kishindo. Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua kuelekea jikoni mama aliponivuta kanga nikakaa kwa nguvu mbele ya gunia la mahindi. Akanitia hindi mkononi.

"Pukuchua."

Nilipukuchua kama ninayemng'oa mtu meno. Punje ziliruka zikampiga usoni, hakujifuta. Hindi likiisha alinitupia jingine. Ngozi ya kidole gumba ilifunguka, mahindi yakaingia wekundu.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Pukuchua. Pumua kwa mdomo. Itukane ukitaka."

Nikaitukana njaa kwa matusi ambayo mkwe hasemi mbele ya mkwe wake. Wifi, aliyekuwa akila pembeni, alipaliwa na supu kwa kicheko, kisha akabeba sahani yake akaenda kumalizia kula nyuma ya nyumba nisione. Nililiona hilo. Nikaendelea. Kulikuwa na mahali, sijui ni hindi la ngapi, ambapo giza lilijaa kabisa na mkono ukawa unakwenda peke yake. Halafu nikasikia kuku wakigombania punje. Nilikuwa sijawasikia muda wote ule.

"Imeshuka, mama."

"Itarudi," alisema, akanipa kijiko kimoja cha maji, akasogeza gunia karibu na kigoda changu.