Ukuta Mtupu wa Kanini na Gundi Yangu ya Uji

Wakuu, salamu kwenu nyote. Leo wekeni siasa kando kidogo niwape kisa cha bweni.

Sitaongeza chumvi. Hata pale nilipokosea nitasema nilikosea, na nilikosea sana.

Miaka ya themanini nilikuwa form two katika shule moja ya boarding ya wasichana huko Kitui. Jina la shule tuliache. Mimi ni mtoto wa Emali, baba alikuwa na duka karibu na stesheni, kwa hivyo kalenda za picha na magazeti ya zamani kwetu yalikuwa tele.

Cubicle yetu, kile kichumba chetu ndani ya bweni, ilikuwa ya wasichana wanne, vitanda double decker viwili. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha ukuta, na ukitaka kumjua mtu uliangalia ukuta wake tu.

Mumbua wa kwaya alijaza mistari ya Biblia kwa crayon, herufi zimenona.

Ndinda alibandika mitindo ya nywele, na shuleni tulikuwa tumenyolewa wote.

Mimi nilibandika kila kitu: maua, ndege za abiria, warembo, mpaka ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa mtu wa kelele, na ukuta wangu vilevile.

Kanini, aliyelala kitanda cha chini yangu, hakubandika kitu. Alitoka kijijini huko ndani, kupita soko la Tulia. Mpole, mkali wa hesabu, na ndiye aliyenivusha kwenye algebra. Blanketi lake lilinyooka, sanduku liko chini ya kitanda, ukuta mweupe pe.

Nilidhani hana cha kubandika na anaona haya kuomba.

Sasa, kila mwisho wa term kulikuwa na shindano la cubicle. Washindi walikula chapati na nyama kwenye meza ya walimu. Wakuu, ninyi mnaokula chapati hata Jumatatu hamwezi kuelewa. Sisi mahindi na maharagwe yalikuwa yanatujua kwa majina.

Siku moja kabla ya inspection, Kanini alikuwa zamu ya kuchota maji. Nikakoroga unga kwa maji moto, ikawa gundi nzuri ya uji, nikambandikia ukuta wote. Maua juu, milima katikati, chini watoto wanacheka. Nilijiona Msamaria Mwema kabisa.

Kanini akarudi, akaweka ndoo chini, akaangalia.

Hakunitukana. Alianza kubandua moja moja, na kila karatasi ikatoka na chokaa yake. Ukuta ukabaki na mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mashilingi, yale mapunye ya mviringo.

Mimi badala ya kuomba msamaha nikapandisha hasira. Nikamwambia hana shukrani, na kwamba atatukosesha chapati sote.

Hapo ndipo alipoongea, kwa sauti ya chini mpaka Mumbua akaacha kuimba.

"Kwetu tunalala watu nane kwa chumba moja. Kila ukuta iko na kitu ya mtu. Jembe ya mama, nguo ya watoto, ngozi ya mbuzi. Hii ndio ukuta ya kwanza nimewahi kuwa nayo. Nilikuwa nataka tu ikae hivyo, niiangalie."

Akakunja blanketi lake, akaenda kumwomba matron amhamishe bweni lingine. Matron akamwambia angoje inspection iishe.

Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ukuta mtupu unaweza kuwa kitu ambacho mtu amekichagua. Na niliogopa kumpoteza. Si kwa sababu ya algebra, ingawa hata hiyo ilikuwepo.

Asubuhi nikaenda kwa mzee aliyetunza majengo, nikamwomba chokaa. Alinipa nusu kopo na brashi iliyokwisha nywele, akanionya nisimwage. Nikaupaka ule ukuta mara mbili. Kanini alikaa juu ya sanduku lake akinitazama. Mikono yangu iliwasha wiki nzima.

Inspection ikafika na ukuta bado haujakauka vizuri.

Matron akasimama mbele ya upande wa Kanini, headmistress nyuma yake, akauliza huyu mvivu ni nani. Kanini akainamisha kichwa. Mimi ndiye mwenye mdomo, na kwa mara ya kwanza ulinisaidia.

"Madam, yeye si mvivu. Ameamua ikae nyeupe hivyo. Mwenye aliiharibu ni mimi."

Matron akaandika kitu kwenye karatasi yake, akapita.

Chapati zikaliwa na cubicle ya tatu kutoka kwetu. Ndinda hakunisemesha mpaka tukafunga shule.

Lakini Kanini hakuhama. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuuliza. Algebra ikaendelea, kila mtu na daftari lake.

Term iliyofuata, Jumamosi moja baada ya kufua, nikamkuta anagonga msumari kwa jiwe, katikati kabisa ya ukuta wake. Nilishtuka kuliko mwenyewe. Nikamuuliza anataka kutundika nini.

"Mimi sina kitu ya kutundika," akasema. "Ni yako. Sweta yako inalalanga chini kila siku."

Nikaiokota, nikaikung'uta vumbi, nikaitundika. Kila nilipoivua niliirudisha hapo mpaka tulipomaliza form four, na hakuna kitu kingine kilichowahi kuingia kwenye ukuta ule.

Nilichojifunza ni kwamba usimpambe mtu kabla ya kumuuliza. Na mtu akikupa nafasi kwenye kitu chake kidogo, ujue amekupa kingi.

Nimemaliza wakuu. Mliosoma boarding, kipande chenu cha ukuta kilikuwa na nini, na nani alikiharibu? Andikeni hapo chini, leo niko na muda wa kuwasoma.