Nilisaini Kwamba Wale Watoto Si Ndugu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hata bosi wangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Kasulu, karani katika shirika moja hapa Kibondo. Kazi yangu ni kuwasikiliza wakimbizi wa Burundi walioko kambi ya Nduta na kuandika taarifa za shida zao. Kirundi chao na Kiha changu vinasikilizana, ndiyo sababu nilipata kazi.

Mwaka huu tuliambiwa makarani watapunguzwa kwa sababu akili mnemba inaandika haraka kuliko sisi. Niliogopa sana, nikaamua kujifunza kuitumia kabla haijanitoa kwenye kiti. Nikawa naingiza maelezo ya watu kwenye programu, taarifa inatoka imenyooka, nasaini. Kazi ya siku tatu naimaliza kabla ya chai ya saa nne. Bosi akanisifu mbele ya wote: "Mnamwona mdogo wenu? Huyu ndiye atakayebaki." Mwenzangu mmoja akadakia, "Huyo haandiki siku hizi, anabonyeza tu!" Tukacheka. Nilijiona mtu.

Wiki mbili zilizopita alikuja bibi mmoja anayelea wajukuu watatu, mama yao alifariki. Alitaka waingizwe kwenye kadi yake ya familia. Nyinyi wa huku mnajua kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja wasichangie jina hata moja. Programu haijui hilo. Iliandika kwamba kwa kuwa majina hayafanani, watoto hawaonekani kuwa ndugu wala wajukuu wa bibi, watafutiwe walezi wengine. Sikusoma mpaka mwisho. Nikasaini.

Kinachonichefua ni kwamba mimi na kaka yangu pia hatufanani majina. Nikiwa darasa la tatu, mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine alituuliza mbele ya wenzetu, "Nyie baba yenu ni mmoja kweli?" Darasa zima lilicheka. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Leo swali lile lile nimemuuliza bibi wa watu, na jibu nimempa mimi, kwa saini yangu.

Alhamisi bibi alirudi. Mjukuu mdogo alikuwa ameshapelekwa kwa mlezi upande mwingine wa kambi. Akaniuliza kwa upole, "Mwana wanje, mwanangu, nani kasema hawa si wangu?" Mdomo wangu ukatoa jibu la ofisini: "Bibi, mfumo umekataa." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi wewe useme nao hao. Wewe ni mtoto wetu, unatusikia." Alipoondoka nilikwenda kunawa mikono, nikarudia tena. Kinyaa hakikutoka, kwa sababu uchafu wenyewe haukuwa mikononi.

Ijumaa nilimwambia bosi. Akafunga mlango. "Mdogo wangu, tukilifungua faili hilo, itabidi tufungue yote uliyosaini. Unalitaka hilo? Jumatatu unawafundisha wenzako njia yako. Usiniharibie." Nilimwitikia, "Sawa, bosi." Mama na wadogo zangu wawili kule Kasulu wananitegemea mimi.

Nimeandika barua ya kukiri. Na hapa mtanicheka: kwanza niliiomba ile programu iniandikie. Ikaandika vizuri sana kwamba "palitokea hitilafu katika mfumo." Nikafuta, nikachukua kalamu, nikaandika: nilikosea mimi.

Barua iko kwenye mkoba wangu. Sijui nimpe bosi, niipeleke kwa wakubwa wake, au niichane nisimame Jumatatu kufundisha. Dada zangu, kaka zangu, niambieni la kufanya, lakini msinicheleweshee majibu. Yule mtoto anakaa kwa watu asiowajua, na aliyempeleka ni mimi.