Maji ya Ubao wa Mwalimu Fadlalla

Katika Kibra ya miaka ya thelathini, mkono ulioaminika kuliko yote ulikuwa wa Mwalimu Fadlalla. Baba yake alibeba bunduki ya Mwingereza, akapewa kipande cha msitu cha kujengea. Yeye alibeba kalamu ya mwanzi. Asubuhi alisomesha watoto Kurani chuoni, uani kwake, na jioni aliandika kombe: aya za Kurani kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji safi, mgonjwa akanywa. Wagonjwa walipopona walimsifu Mungu, kisha wakamsifu na mwalimu. Hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Mvua za masika zilipoanza, binti yake wa pekee, Mabrouka, alishikwa na homa. Fadlalla akamwandikia kombe. Homa haikusikia. Akaandika jingine.

"Baba Mabrouka," mkewe Sitti akamwambia, "kombe na dawa havigombani. Tumpeleke hospitali."

Asubuhi hiyo Waithaka, Mkikuyu wa Kawangware aliyepita hapo na mkokoteni wa punda akipeleka viazi mjini, alisimama mlangoni. "Lete mtoto, Mwalimu. Punda wangu amebatizwa, lakini habagui mtu."

Sitti alicheka, mara ya kwanza tangu mtoto augue. Fadlalla hakucheka. Moyoni aliwaona majirani wamejipanga njiani wakimtazama mwandishi wa kombe amekaa juu ya viazi, anampeleka mwanawe kwa daktari wa Kizungu. Nani angekuja tena na sahani yake?

"Nitangulie mimi," akasema, "nikaulize kama kuna nafasi."

Alitembea hadi kwenye reli, akaketi juu ya mawe mpaka jua likageuka. Hakwenda mbele. Kisha akarudi, akamshika Sitti mkono, akasema, "Wamesema vitanda vimejaa. Tumwachie Mungu."

Mabrouka hakuiona Ijumaa.

Tangu siku hiyo Fadlalla hakuandika kombe tena. Aliyekuja na sahani aliambiwa mkono umechoka, na watu wakasema ni msiba, wakamhurumia. Huruma ile ilimchoma kuliko lawama. Basi kila siku baada ya Alasiri, watoto wa chuo wakiwa makwao, alichukua ubao wa mmoja wao, akachovya kalamu katika wino wa masizi, akaandika. Herufi zilikuwa za Kiarabu, ila maneno yalikuwa ya Kinubi, lugha ya nyumbani kwake: *Sikufika hospitali. Nilikaa relini. Nilimdanganya mama yake.* Aliandika mpaka ubao ukajaa, pumzi ikashuka. Kisha akauosha. Maji yaliyoosha ubao hayamwagwi panapokanyagwa na miguu, kwa hiyo aliyakinga katika bakuli, akaliweka chini ya mgomba, akaenda kuswali Magharibi. Akirudi huyamwaga shinani.

Sitti alimwona akiandika kila siku. Hakujua kusoma. Alidhani mumewe anamwombea mtoto wao.

Mtu anayeandika dhambi yake na kuifuta kabla haijasomwa hajatubu. Amejikuna tu panapowasha. Fadlalla alilijua hilo, maana ndilo aliloliandika siku nyingine, akalifuta nalo.

Mwaka uliofuata mvua zilileta homa tena, na Nasir, mwana wa jirani yao Sitelbanat, akalala kitandani. Sitelbanat alikuja na sahani. Mwalimu akakataa.

"Mkono gani huo unachoka mwaka mzima?" Sitelbanat akafoka. "Punda wa Waithaka hapumziki hivyo!"

Akaondoka amenuna. Siku ya tatu, Fadlalla alirudi kutoka msikitini akakuta bakuli tupu chini ya mgomba.

"Nimempa Sitelbanat," Sitti akasema, amefurahi. "Na jana, na juzi pia nilimpa. Ulikuwa hujatambua? Nilibakisha kidogo. Umemnyima kombe, lakini maji ya ubao wako ni Kurani hiyo hiyo. Mtoto wa mwenzangu asife kama wangu."

Fadlalla akatoka mbio, pindo la kanzu mkononi, Sitti nyuma yake akiuliza kuna nini.

Kwa Sitelbanat, wanawake walijaa chumbani. Nasir alikuwa anaweweseka, macho yamegeuka. Nje alisimama Waithaka, mkokoteni mtupu, anarudi Kawangware.

"Nimemwambia huyu mama nitageuza punda sasa hivi, twende hospitali," akasema. "Hataki."

"Hospitali ya nini?" Sitelbanat akajibu kutoka ndani. "Mwanangu anakunywa maji ya Mwalimu."

"Sitelbanat, yale maji si kombe," Fadlalla akasema. "Mpeleke mtoto."

"Ala! Hata maji ya kumwaga unatuonea choyo?"

"Hayana Kurani."

"Yana nini basi? Nimeona weusi wa wino kwa macho yangu."

"Ni maneno yangu tu."

"Maneno gani?"

Fadlalla akatazama mlangoni. Sitti alikuwa amefika, anahema, mkono kifuani. Angeweza kusema ni mashairi. Angeweza kusema ni hesabu za chuo. Kitandani mtoto akakoroma, na koromo lile alilijua.

"Ni uongo wangu," akasema. "Mabrouka alipougua sikufika hospitali. Nilikaa relini, kisha nikarudi nikasema vitanda vimejaa. Sikuuliza mtu yeyote. Niliogopa watu wataidharau sahani yangu. Hilo ndilo ninaloliandika kila siku, na hilo ndilo mwanao analokunywa. Mpeleke, Sitelbanat! Usiwe kama mimi!"

Sitelbanat alitema mate sakafuni, karibu na miguu yake, akambeba mtoto katika shuka, akapanda mkokotenini. Waithaka alikwisha kumgeuza punda.

Nasir alipona, ingawa alikaa hospitali muda mrefu. Sitelbanat hakumshukuru Fadlalla, wala hakuwa na sababu ya kumshukuru.

Sitti hakulia wala hakugomba. Alingoja hadi kesho yake Alasiri, Fadlalla alipochukua ubao, maana mikono yake haikujua kazi nyingine. Alipomaliza, Sitti akasimama mbele yake.

"Soma."

Akasoma.

"Ulikaa relini mpaka lini?"

"Mpaka jua likageuka."

"Mimi nilikuwa namwambia Mabrouka baba yako yuko njiani."

Fadlalla aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono kuchukua maji ya kuoshea. Sitti akauondoa mtungi.

"Leo hauoshwi. Kesho atakuja mwenye ubao wake."

Asubuhi watoto wa chuo waliketi uani. Mkubwa wao akaukuta ubao umejaa, akadhani ni somo jipya. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti kubwa, kama walivyozoeshwa, na wengine wote wakauitikia. Fadlalla hakuwazuia. Sitti alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia waanze tena.