Mama Mkwe Alivyonishikia Mpira

Mama mkwe alikuja kukaa kwetu Rugerero wiki ileile mke wangu alipoitwa Kigali kwa mafunzo ya kazi. Nikabaki nyumbani na mtu ambaye, tangu nimuoe binti yake, tulikuwa tumesalimiana tu. Kwetu mkwe huwekewa heshima ya mbali. Yeye alikula chumbani, mimi sebuleni. Alikuwa amevuka kutoka Goma na begi moja, mjane wa miezi michache, na sikujua nimwambie nini.

Mchana nafanya kazi ofisini Gisenyi. Jioni natengeneza ndege ndogo za kurushwa ndani ya ukumbi. Ni vijiti vya mbao nyepesi na plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Injini yake ni kitanzi cha mpira: unausokota, na unapojisokotoa unazungusha propela. Kusokota kunataka watu wawili. Mmoja anashika ncha, mwenzake anauvuta mpira hadi mwisho wa korido, kisha anazungusha keekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao, huku akirudi polepole. Siku zote mke wangu ndiye aliyenishikia.

Jumamosi moja nilikuwa na mpira mpya. Mpira mpya lazima ujaribiwe: unakata kipande, unakipaka mafuta, unakisokota mpaka kikatike, ndipo unajua mwingine utavumilia kiasi gani. Nilifunga ncha kwenye kitasa cha mlango, ikaponyoka. Nikafunga tena, ikaponyoka. Mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Lete, mi nitashika," alisema.

Nilimwambia haifai, mpira unaweza kukatika ukamuumiza. Alikuwa ameshaishika ndoano ya ncha ya mpira.

Basi nikarudi kinyumenyume hadi mwisho wa korido, nikaanza kuzungusha. Mpira ukajaa vifundo, kisha vifundo juu ya vifundo. Macho yetu sote yalikuwa kwenye mpira, na labda ndiyo maana akaweza kusema. Alisimulia kwamba mumewe, siku zake za mwisho, hakutaka yeye atoke chumbani. Asubuhi moja alimwona amelala vizuri, akaenda sokoni na vitenge vyake. Aliporudi alikuta majirani wamesimama getini.

"Watoto sijawaambia," alisema. "Wanajua nilikuwa naye."

Niliendelea kuzungusha, nikiogopa kwamba nikiacha, naye atanyamaza. Mara mpira ukakatika, ukamchapa vidoleni. Nilitupa keekee nikamkimbilia, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, jambo ambalo mkwe hafanyi. Kulikuwa na mstari mwekundu tu, lakini machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Si mukono," alisema.

Nilimletea maji baridi, tukakaa kwenye benchi la korido mpaka akatulia. Ndipo nikamwambia kwamba mgonjwa aliyelala vizuri anaachwa alale, na kwamba mimi pia ningekwenda sokoni. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akaniambia nilete kipande kingine.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda pamoja kwenye ukumbi wa parokia. Tulifunga madirisha yote kwa sababu ya upepo wa ziwani. Alinishikia ncha, nikasokota bila kufika pale mpira ulipokatika jana yake, kisha nikaiachia ndege. Ilipanda bila sauti, ikazunguka chini ya mabati, propela ikienda taratibu kiasi cha kuweza kuifuata kwa macho. Mama mkwe aliitazama shingo ikiwa imepinda, mkono kiunoni, mpaka ikatua karibu na viti.

Mke wangu aliporudi alitukuta tunakula viazi kwenye meza moja. Usiku akaniuliza kulikoni. Nilimweleza habari za mpira na za vidole. Yale mengine nilimwachia mama yake, naye alimwambia mwenyewe, wakiwa wawili jikoni, kabla ya kuvuka mpaka kurudi kwake.