Koki ya Tangi la Nne

Etelka Barta akiingia chumba cha samaki huwasalimu wote kwa pamoja, utadhani mwalimu wa chekechea. Mwaka wa tisa sasa nafanya naye kazi katika maabara hii ya mji wa Szeged, na sijamwona akimtoa aliyekufa bila kumwomba radhi. Mimi hucheka. Mji mzima unakula supu ya samaki, yeye anawaomba radhi!

Samaki wetu ni wadogo, wenye milia. Hukatwa neva za uti wa mgongo, mkia ukalegea kabisa, na baada ya wiki nane wanaogelea tena. Mwili wao hutoa protini inayozifanya seli zijenge daraja mahali palipokatwa. Ili kuthibitisha hilo, Daktari Ilka, mkuu wetu, alizalisha samaki wasio na protini hiyo, akawakata vilevile na kuwaweka tangi la nne. Wote hupimwa ndani ya bomba la kioo: Etelka anafungua koki, mkondo unaongezeka, na anayeshindwa anasukumwa mpaka kwenye wavu wa nyuma.

Nyumbani Etelka anaishi na mdogo wake, Dezső, ambaye hatembei mwaka wa kumi na moja huu. Alianguka akichuma matunda ya aprikoti. Ngazi iliteleza, ndivyo dada yake alivyomwambia kila mtu.

Mwezi uliopita samaki wa tangi la nne walianza kuogelea sawa na wenzao. Daktari Ilka akaduwaa, kisha akatuambia, "Basi protini hii si kitu. Ijumaa naifunga kazi."

Etelka akanivuta kando. "Ni mimi. Wakifika wao napunguza koki."

"Una wazimu wewe? Kwa nini?"

"Nikiwaona wanasukumwa kwenye wavu namwona Dezső. Niliwaonea huruma."

Sikumbembeleza. "Huruma gani hiyo? Kama kuna dawa ya kumsaidia ndugu yako, itaanzia hapa, na wewe ndiye unayeizuia! Nenda ukaseme."

Alikwenda. Daktari Ilka alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa viganja. "Tutapima upya, mama. Lakini koki atashika mwingine."

Ilimuuma kuliko kufukuzwa. Alilia mpaka nikaona aibu kwa ukali wangu, nikampeleka nyumbani kwa gari langu. Tulimkuta Dezső jikoni kwenye kiti chake cha magurudumu, anamenya viazi.

"Vipi, dada? Wamekufukuza?"

Etelka hakuvua hata koti. "Dezső, ngazi haikuteleza. Niliiachia. Jemu ya aprikoti ilikuwa inaungua huku ndani, nikakimbia kuitoa. Nisamehe."

Kisu hakikusimama. "Nilijua. Nilikuita mara mbili kabla sijaanguka."

Nilitamani ardhi inimeze, sembuse yeye.

"Iliokoka?" akauliza Dezső.

"Nini?"

"Jemu."

"Iliokoka. Niliimwaga yote. Nisingeweza kuila."

"Yote?" Akakitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu. "Miaka kumi na moja, dada! Ungeniletea kijiko kimoja tu pale hospitali, ukaniambia."