Laini ya Zamani

Mama mmoja mchumaji chai huja dukani kwangu Ikonge kila Jumapili, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Alihamia mtandao mwingine kwa sababu ule wa kwanza haushiki kule kwao mlimani, akapewa namba mpya. Laini ya zamani huifunga kwenye kipande cha karatasi. Hunipa niiweke kwenye simu yake, kisha hukaa kwenye benchi akingoja. Binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani Uarabuni na alizoea kumpigia kwa simu za kuazima. Namba mpya hana, wala mama hana namba ya kumpata. Ujumbe ukiingia, mama huniomba nimsomee. Huwa ni matangazo ya kampuni tu. Huyasikiliza hadi mwisho, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Hakuna ingine?"

Jumapili iliyopita hakunipa laini.

"Piga ile namba ya zamani," aliniambia. "Nataka kusikia binti yangu akipiga anaambiwa nini."

Nikapiga, nikaweka spika. Sauti ya mwanamke ikasema mteja hapatikani kwa sasa. Akaniomba nirudie, nikarudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na huyu hamwambii kwamba niko hai," alisema.